Wafalme wanne usiku tatu mfululizo: yule mama anaiba au ana bahati tu?

Swali lenyewe nalifupisha hivi:

"Shikamoo kaka. Nasoma gemu moja ya kusoma, zile za riwaya yenye picha na muziki, unabonyeza maneno yanakuja. Ni ya mafumbo na kamari. Watu saba wamealikwa nyumbani kwa mzee mmoja tajiri, kila usiku wanacheza poka ya karata tano mpaka alfajiri, anayeishiwa tokeni za kuwekea dau asubuhi anakutwa amekufa. Kuna mama mmoja wa glovu nyeusi, usiku wa kwanza, wa pili na wa tatu mkono wake wa mwisho, yaani karata tano alizogawiwa, ulikuwa na karata nne za namba moja, zote nne namba ileile kama wafalme wanne. Vipande vinne vya gemu vimetoka, bado cha tano. Mimi nasema mama na mgawaji wa karata ni timu moja, ila kipande cha nne mgawaji kakutwa amekufa, na usiku huo wakacheza na pakiti mpya yenye migongo ya bluu, mama akashindwa vibaya. Wenzangu wananicheka, wanasema nadharia yangu imekufa na mgawaji. Wengine wanasema muuaji ni msimulizi, wengine wanasema ni yule mama kwa sababu ni wa mkono wa kushoto, wengine eti yote ni ndoto ya mzee. Najisikia kama mwandishi kanipiga changa la macho. Je hesabu ya uwezekano inaweza kuthibitisha kwamba mama anaiba? Na nitajuaje nadharia yangu ina maana au nang'ang'ania tu?"

Marahaba mdogo wangu. Nimelisoma swali lako mara tatu na nimefurahi sana, maana umeleta vitu vya kushika, umetaja glovu, migongo ya karata, nani kafa lini, na mtu anayekumbuka rangi ya mgongo wa karata huyo amesoma kwa macho mawili. Nafundisha hesabu na hizi gemu za mafumbo nazisoma miaka mingi, kwa hiyo nitakujibu kwa pande zote mbili, ila ngoja tuanze na hesabu kwa sababu ndiko watu wengi wanakoteleza.

Pakiti ya karata 52 inatoa mikono 2,598,960 tofauti ya karata tano. Kati ya hiyo, mikono yenye karata nne za namba moja ni 624 tu. Gawanya, unapata mara 1 kati ya 4,165. Sasa mtu akiona usiku tatu mfululizo anazidisha 4,165 kwa 4,165 kwa 4,165, anapata zaidi ya bilioni 72, anapiga meza, "haiwezekani, mama mwizi!" Nahisi hiyo ndiyo hesabu iliyokuwa kichwani mwako, na hata mimi ningeipiga hiyohiyo kwanza.

Lakini angalia ulichoandika mwenyewe: wanacheza mpaka alfajiri, na gemu inatuonyesha mkono wa mwisho. Ina maana kuna mikono mingi kabla yake ambayo hatukuiona kabisa. Tuseme usiku mmoja wanapiga mikono 60, basi nafasi ya mama kupata nne za namba moja angalau mara moja usiku huo inapanda mpaka kama asilimia 1.4, na kwa usiku tatu mfululizo inakuwa kama mara 1 kati ya 340,000. Bado ni ndogo sana, sikatai, lakini ona tumetoka bilioni 72 tukashuka mpaka laki tatu na kitu kwa kukumbuka tu ile mikono ambayo hatukuonyeshwa. Na ukisema sio lazima awe mama, mtu yeyote mezani akipata tungeshangaa vilevile, basi kwa watu saba nafasi ya usiku mmoja inakaribia asilimia 10. Halafu kama sheria yao inaruhusu kutupa karata na kuchukua nyingine, inapanda tena. Utasema lakini zilikuja mkono wa mwisho kila usiku, sio katikati. Ni kweli, ila jiulize kama usiku uliisha ndipo mkono ule ukaja, au mkono ule ulikuja ndio ukaumaliza usiku, maana mtu akiwa na wafalme wanne anaweka kila kitu mezani na mwingine anafilisika hapohapo. Mkono mkubwa kukutwa mwishoni sio ajabu kihivyo.

Na dunia halisi ina vioja vyake. Tarehe 18 Agosti 1913, kwenye kasino ya Monte Carlo, mpira wa ruleti uliangukia nyeusi mara 26 mfululizo. Gurudumu lile lina vyumba 37, vyeusi 18, vyekundu 18 na sifuri moja, kwa hiyo mfululizo kama ule ukiuhesabu kabla haujaanza ni mara 1 kati ya milioni 136 hivi. Watu walimwaga pesa kwenye nyekundu wakiamini sasa lazima zamu igeuke, wakaumia, kwa sababu mpira haukumbuki ulipoangukia mara ya mwisho. Kwa hiyo hata ungekuwa umekaa kwenye meza ya kweli, uwezekano mdogo peke yake hauwezi kumfunga mtu. Unakupa sababu ya kuangalia mikono yake, basi.

Sasa hapo nimeongelea meza ya kweli. Kwenye gemu yako hakuna aliyechanganya karata. Hapa ndipo ningependa utulie, kwa sababu jibu langu lote limesimama hapa: zile karata ziliandikwa. Mwandishi alikaa akaamua mama apate wafalme wanne, na angetaka angempa takataka. Kwa hiyo swali la "nafasi yake ilikuwa ngapi" linatufikisha nusu ya njia tu, swali zito zaidi ni kwa nini mwandishi ametaka tuione mikono hii mitatu na kutuficha ile mingine yote. Ukitaka uhakika kwamba ziliandikwa, rudi kwenye sehemu uliyohifadhi kabla ya mkono kugawiwa, pakia upya mara tano sita. Karata zikija zilezile kila mara, ziko kwenye hadithi, ni maneno kama maneno mengine. Zikibadilika, basi hiyo ni michezo ya pembeni ya gemu, usijengee nadharia juu yake.

Padri mmoja wa Uingereza, Ronald Knox, naye akiandika hadithi za upelelezi, mwaka 1929 alitoa kanuni kumi za uandishi huo. Ya sita inakataza mpelelezi kusaidiwa na ajali au na hisia isiyo na maelezo. Ya nane inasema mpelelezi akiona dalili, msomaji aonyeshwe papo hapo. Ya tisa inamhusu yule rafiki wa mpelelezi anayesimulia, kwamba asifiche yanayopita kichwani mwake. Sio sheria ya nchi, waandishi wazuri wamezivunja na vitabu vikawa vitamu, lakini ile ya sita ina uzito wa pekee kwenye hadithi ya kamari, maana kamari yenyewe ndiyo ajali iliyowekwa mezani! Mwandishi wa namna hii ana kazi mbili kwa wakati mmoja, anataka uamini bahati ipo, na anatakiwa kulitatua fumbo bila bahati. Kwa hiyo bahati kubwa kama ya mama huyu mara nyingi inaishia sehemu tatu: ni wizi, au ni bahati kweli na ndiyo inayomponza mwenyewe, au mwandishi alipenda tu tupige kelele. Hiyo ya tatu sitaki kuifikiria kwa gemu iliyoandikwa kwa uangalifu kama unavyoieleza.

Haya, tuchukue ya kwanza, wizi. Nadharia ya wizi lazima ipite kwenye vidole. Nani kachanganya, nani kakata, nani kagawa, karata ziligusa mikono ya nani kabla hazijafika kwa mama. Njia za kuchakachua karata hazina mwisho lakini karibu zote zinaingia kwenye makundi machache: karata zina alama, au mgawaji anatoa ya chini huku mnaona kama anatoa ya juu, au pakiti nzima imepangwa kabla na inabadilishwa mkiwa mmeangalia pembeni, au mchezaji mwenyewe anaficha karata mkononi, au kuna mtu anampa ishara. Ishara zinakuambia wengine wana nini lakini haziwezi kukuletea wafalme wanne, kwa hiyo hiyo tuifute.

Glovu sasa. Naona wenzako wameichukulia glovu nyeusi kama ushahidi wa wizi, kwa sababu inaonekana ya kijambazi. Jana usiku nilichukua pakiti ya karata, nikatia alama ndogo ya ukucha pembeni ya wale wafalme wanne, mkwaruzo ambao kwa kidole kitupu unausikia mara moja. Nikavaa glovu nyembamba. Nimepitisha pakiti nzima taratibu mara nne na sikusikia kitu, na nilipojaribu kuficha karata moja kwenye kiganja ilikuwa inateleza, mara mbili ikaanguka kwenye mapaja. Labda mtu aliyejifunza miaka ataweza, lakini kwa akili ya kawaida glovu inamtetea mama zaidi kuliko kumshtaki. Yeye mwenyewe hawezi kusoma alama za kugusa na hawezi kuficha karata kirahisi. Maana yake kama kuna wizi, umefanywa na mikono ya mtu mwingine. Na hapo mdogo wangu nadharia yako ya mgawaji inapata nguvu kuliko unavyofikiri.

Kwamba mgawaji kafa, halafu usiku uleule mama akapigwa, wewe umeona nadharia imekufa, mimi naona ndiyo dalili nzuri kuliko zote ulizotaja! Kama mama alikuwa na bahati yake mwenyewe, kwa nini bahati iondoke siku aliyoondoka mgawaji? Nadharia yako ingekufa kama mama angepata tena nne za namba moja usiku wa nne, karata zikiwa kwa mgawaji mwingine. Hakupata. Wenzako wamechanganya mtu na nadharia, mtu kafa, nadharia iko hai.

Ila usianze kushangilia kwanza, kuna kitu hapo kinanisumbua. Usiku wa nne vimebadilika vitu viwili kwa mpigo, mgawaji ameondoka na pakiti imebadilika. Migongo ya bluu. Kama karata za zamani ndizo zilikuwa na alama za kuonekana kwa macho, au ndiyo ile pakiti iliyopangwa, basi mama angepoteza hata kama mgawaji angekuwa hai, na mkono wa nyuma ya pazia unakuwa wa yule aliyeleta pakiti, ambaye kwenye nyumba ya mtu ni mwenye nyumba au mtumishi wake. Kwa hiyo ushahidi wako mzuri unafaa nadharia mbili. Rudi kipande cha nne, fungua historia ya maandishi, tafuta sentensi inayosema pakiti mpya ilifunguliwa na nani na ya zamani ilienda wapi. Kama maandishi yanasema "pakiti mpya ikafunguliwa" bila kutaja mtu, hapo mwandishi amekuficha kitu kwa makusudi, sentensi isiyo na mtendaji kwenye hadithi ya mafumbo ni mlango uliofungwa kwa ndani. Rangi ya mgongo wa karata sio urembo. Kwenye gemu ya Apollo Justice: Ace Attorney ya mwaka 2007 kesi ya kwanza kabisa ni mauaji kwenye meza ya poka, na asiyejali migongo ya karata pale anapotea mapema, sitasema zaidi kwa sababu huenda hujaicheza.

Hawa wa mkono wa kushoto. Mdogo wangu, hii imewaumbua wengi. Hizi gemu zinachorwa kwa gharama, mhusika mmoja ana picha chache tu zinazorudiwa, na akitakiwa kusimama upande wa pili wa skrini mara nyingi picha inageuzwa tu kama kwenye kioo. Mtu wa kulia anakuwa wa kushoto kwa kubonyeza mara moja. Kabla ya kumfunga mama wa watu, angalia kitu kingine kwenye mwili wake kisichokaa katikati, kishaufu kifuani, nywele zilizolalia upande, kovu. Kama kwenye picha hiyo ya kushoto na kishaufu nacho kimehama upande, picha imegeuzwa, hakuna dalili hapo. Kama kishaufu kimebaki mahali pake na karata zimehamia mkono wa pili, hapo sasa piga picha ya skrini uiweke, maana mtu amelipwa kuichora hiyo. Ndiyo maana napenda kuamini zaidi picha maalum zile za kujaza skrini, zinazochorwa kwa tukio moja tu, na naamini kidogo picha za kusimama na mandhari za nyuma zinazotumika kila siku.

Msimulizi muuaji, sidharau. Gemu za kusoma zinakukalisha ndani ya kichwa cha mtu mmoja muda mrefu mpaka unamwamini kama ndugu. Ila nadharia hii ina kipimo chake: tafuta pengo. Pitia kila usiku ukiandika saa, ukikuta sehemu simulizi inaruka, mara saa nane yuko mezani, mara kumekucha, na anayekuambia ni yeye mwenyewe, weka alama. Akisema "nililala" ni uongo ambao mwandishi atalazimika kuulipia baadaye, lakini akisema "nilifumba macho" hajadanganya, na waandishi wazuri wanaishi kwenye tofauti hiyo.

Ndoto ya mzee sina la kusema. Nadharia ambayo hakuna tukio lolote linaloweza kuivunja haisaidii kusoma chochote. Waulize wanaoisema, kipande cha tano kionyeshe nini ndio mkubali kwamba sio ndoto? Kama hawana jibu, waache.

Kuhusu kujisikia umepigwa changa la macho, nakuelewa kabisa, na sitaki uchukulie hisia hiyo kama utoto. Kuna kupoteza na kuna kuibiwa, na zote zinauma sawa usiku uleule. Kuzitofautisha rudi ukasome upya tangu kipande cha kwanza ukiwa tayari unajua mgawaji atakufa. Ukikuta dalili zilikuwepo, alitetemeka mkono, aliomba kuondoka, alimwangalia mzee kwa jicho fulani, basi ulipoteza kihalali na ile hasira itageuka kuwa heshima. Ukikuta hakuna chochote, kifo kimedondoka tu kama kimetupwa na upepo, basi una haki ya kulalamika, na lalamika kwa kutaja kurasa.

Uzuri wa gemu inayotoka kwa vipande ni huu muda wa kusubiri. Umineko no Naku Koro ni ilitoka Japani vipande nane kuanzia kiangazi 2007 mpaka Desemba 2010, kila baada ya miezi minne mpaka nane hivi, na ndani yake kuna maneno yanayoandikwa kwa rangi nyekundu ambayo gemu inakuhakikishia ni kweli, sio ya kubishaniwa. Fikiria watu waliokaa kama miaka mitatu wakigombania sentensi nyekundu neno kwa neno! Kanuni za Knox zenyewe zimeingizwa mle kipande cha tano kama silaha ya mabishano. Waliofurahia sana sio lazima wale waliopatia, ni wale waliokuwa wameweka nadharia yao hadharani kabla, kwa sababu kipande kipya kikitoka walijua hasa ni wapi walikuwa wamekosea.

Wewe huna maneno mekundu, kwa hiyo tengeneza dau lako. Chukua tokeni kumi za kufikirika, kabla kipande cha tano hakijatoka zigawe kwenye nadharia zote, uandike na tarehe, na pembeni ya kila moja uandike kitu kimoja ambacho kikitokea utaziondoa hizo tokeni bila ubishi. Ukijikuta kumi zote umeziweka kwa mgawaji na huwezi kuandika kitakachokutoa, hapo ndipo unang'ang'ania. Ni kama yule anayeongeza dau mara mbili kila akiliwa akidhani mkono unaofuata utamrudishia vyote, mpaka pesa inaisha kabla bahati haijarudi.

Mimi kwa ulivyonieleza ningeweka tano kwa mgawaji na mama kushirikiana, tatu kwa aliyeleta pakiti bila mama kujua chochote, yaani mama anapewa ushindi ili watu wamchukie, mbili kwa msimulizi. Hizo tatu ndizo zinanikosesha usingizi. Kwa sababu fikiria, mama anayeiba kwa akili angejipa jozi mbili, angejipa tatu za namba moja, angeshinda kidogokidogo asionekane. Mwizi gani anajipa nne za namba moja usiku tatu mbele ya watu wenye hofu ya kufa? Mikono ile ilikuwa mikubwa mno kwa mtu anayetaka kujificha, inafanana zaidi na mikono ya mtu anayetaka mwingine aonekane.

Kwa hiyo kabla hujaandika dau lako rudi usiku wa tatu, sehemu ya kukata karata. Angalia kama mama aliombwa kukata, na alipopewa wale wafalme wanne sura yake ilibadilika kuwa picha ipi, ya furaha au ile ya kushtuka. Kama ni ya kushtuka, hamisha tokeni zako mbili kutoka kwa mgawaji uzipeleke kwa mwenye pakiti, na mimi zangu nitazihamisha hivyohivyo.